Udongo Anaoutafuna Bibi Yangu

Wamaza, Jumapili jioni. Mawingu yamekaa juu ya vilima tangu asubuhi na mvua hainyeshi. Sina raha hata kidogo.

Wiki hii nimembebea mizigo injenia mmoja anayetafuta urani kwenye miamba ya mchanga huku Kabambare. Mimi naonyesha njia, yeye anasogeza kimashine chake cha kupima mionzi karibu na jiwe, nacho kinalia tik, tik, polepole. Siku nne kililia hivyo mpaka nikakizoea.

Jana tukafika kwenye korongo letu. Kati ya matabaka ya mawe kuna mstari wa udongo wa kijivu, laini. Hapo kimashine kikalia mfululizo. Injenia akachota udongo akaufunga mfukoni. Nikamuuliza kama iko mubaya.

"Sijui bado, mpaka upimwe. Lakini usitangaze, watu watakuja kuchimba."

Watu wanachimba tayari.

Hapo ndipo wanawake wetu wenye mimba wanatoa udongo wa kula. Wanaukausha juu ya moshi wa jikoni, wanautafuna kidogo kidogo kichefuchefu kikija. Bibi yangu ana mimba ya miezi saba. Ule wa sokoni hautaki, eti hauna ladha. Basi kila wiki mimi mwenyewe nilishuka korongoni na kisu na kikapu, tena nikijisifu kwa wenzangu kwamba mume ni mimi.

Leo baada ya misa nilitupa vipande vyote vya udongo wake chooni, nikamdanganya kwamba panya wamevichafua. Neno urani sikulitaja. Niliogopa kumtisha bure, na niliogopa kupoteza kazi. Hofu ya kazi ndiyo ilikuwa kubwa zaidi. Naona haya kuandika hivyo, lakini ni kweli.

Alicheka tu. "Usijisumbue, baba ya mutoto. Iko ingine kwa mama."

Akafungua pindo la kikwembe alichojifunga kiunoni, akatoa kipande, akauma. Nikamwambia aache.

"Mama alikulaka hii, na mimi niko hapa." Kisha akanishika mkono akauweka tumboni. Mtoto alikuwa anapiga mateke, haraka haraka. Nikauondoa mkono wangu.

Nikishaweka maneno haya hapa watu wayasome, siri ya injenia imetoka na kazi imekwisha. Sawa. Naenda kumwambia yote, mbele ya mama yake.

Halafu nitabisha kwa jirani zetu wawili wenye mimba, maana wao pia niliwapelekea kikapu. Walinishukuru sana. Nitaanzia wapi?