Mafuta Niliyoipaka Bunduki Yako

Kings Heath, Birmingham
Jumapili, baada ya kanisa

Kwa Baba yangu,

Goti linasemaje na baridi ya mwezi huu? Mama aliniambia umeanza kutembea mpaka zizini bila fimbo, nikafurahi, ingawa nakijua kiburi chako. Huenda fimbo umeificha tu nyuma ya mlango. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio umevunjika, na ndiyo maana ninaandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu Mama huweka spika, majirani wote wanasikia, halafu wewe unasema "haya basi" na kukata. Haya nataka uyasome peke yako.

Unajua kazi yangu ni kuwahudumia wazee majumbani mwao. Mwaka huu nimepewa mzee mmoja hapa hapa Kings Heath, Kalasinga wa kilemba aliyezaliwa Nakuru, fundi mstaafu wa kiwanda cha magari kilichokuwa Washwood Heath. Mke wake alishafariki. Namwogesha, nampikia uji, nampa dawa, na tunaongea Kiswahili, chake kile cha madukani zamani ambacho hunichekesha hadi leo. Huniita beti, yaani binti yangu.

Mzee huyu alinunua bunduki kuukuu, zile ambazo jeshi lilizichoka likaziuza. Usishtuke: ana kibali cha polisi, kabati la chuma limefungwa ukutani, na nyumbani hamna hata risasi moja. Anataka tu kuirudishia uzuri wake kabla hajafa. Mikono yake inatetemeka, kwa hiyo anatumia yangu. Nikimaliza kazi zangu ananikalisha kwenye meza ya jikoni, juu ya magazeti. Baba, siku ya kwanza nilipoiona nilitafuta kiti. Ni aina ileile uliyopewa ulipokuwa polisi wa akiba, ile ya kuvuta bolti kwa mkono kila unapotaka kupiga.

Tulianza na mbao. Pale ilipobonyea tuliweka kitambaa kibichi na kupitisha pasi ya moto, mbao ikavimba na kujaa tena. Tukapiga msasa, tukapaka mafuta ya kitani siku baada ya siku. Nilikuwa na furaha, nisikufiche. Nilimsimulia jinsi ulivyonifundisha, mimi msichana, kusafisha mtutu kwa kamba na kitambaa, na jinsi Nyanya alivyolalamika kwamba unaniharibu.

Jumanne tukafika kwenye bolti. Ndani ilijaa grisi ya jeshi iliyokauka miaka na miaka. Niliichemsha kwenye sufuria, nikaifuta ikang'aa, lakini kichupa cha mafuta ya bunduki kilikuwa kimeisha. Nikasema kwa maringo, "Mzee, kwetu yalipoisha mimi nilipaka mafuta ya kupikia. Yale meupe ya kopo."

Akaacha kucheka. "Wapi veve napaka? Nje, ama ndani ya bolti?"

"Ndani. Nilishindilia kabisa."

"Arre, beti! Hapana! Hiyo mafuta asubuhi nashika baridi, naganda. Halafu pini nakwenda pole pole, nagusa risasi tu, hapana piga. Veve navuta, nasikia tik. Basi. Mtu nakufa na bunduki iko mkononi."

Alikuwa anaongea habari za bunduki tu, hakujua lolote. Nilimwambia nakwenda msalani. Nilikaa huko mpaka akaja kugonga mlango kwa fimbo yake.

Baba, nilikuwa na miaka kumi na mitano. Kichupa kilikuwa kitupu, kituo cha polisi hakikuleta kingine, nawe ulikuwa umekwenda mazishini kwa kina Mama. Nilitaka urudi uikute safi. Jioni ukaichukua, ukavuta bolti, ikateleza, ukasema, "Leo imependeza." Nililala nikiringa. Alfajiri, kwenye ile baridi yetu ya mlimani, wezi wa ng'ombe wakaja. Baba Mdogo Yusufu, ndugu yako wa pekee, akatangulia na rungu kwa sababu alijua uko nyuma yake na bunduki. Ukafyatua, tik. Ukavuta bolti, ukafyatua tena, tik. Mara ya tatu risasi ikatoka, lakini Baba Mdogo alikuwa ameshaanguka langoni.

Watu walisema uliogopa kupiga. Barazani chifu alikuuliza mbele ya wote, nawe ukajibu, "Sikuisafisha. Kosa ni langu." Ukairudisha bunduki kituoni. Mama Mdogo, mjane wa Yusufu, hajakanyaga kwetu tangu siku hiyo, na milango yetu inatazamana. Kanisani ukahamia benchi la nyuma. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikudharau. Nilijua bunduki ilisafishwa, niliisafisha mwenyewe, kwa hiyo nilipokusikia ukisema hivyo nilidhani unadanganya ili kuficha woga wako. Ndiyo sababu nilikuwa nakusalimia bila kukutazama. Ndiyo sababu nafasi ya kuja huku ilipopatikana sikuuliza mara mbili.

Pale msalani nilikumbuka jambo lingine. Siku iliyofuata mazishi ya Baba Mdogo, kabla sajenti hajaja kuikagua bunduki, ulikaa nyuma ya jiko na karai la mafuta ya taa ukiosha bolti. Nilikuja kukusaidia kama kawaida. Ukafunika karai kwa koti lako, ukanifukuza: "Nenda ukachote maji." Nilidhani una hasira nami. Baba, ulikuwa umeyaona. Yale mafuta meupe ungekosaje kuyaona? Ulijua ni mimi, na ulijua kwamba mimi sijui, ukanyamaza ili nisijue.

Nimelia tangu Jumanne. Nalia kwenye basi, nalia nikimenya viazi vya watu. Sijui nikuombe msamaha wa lipi kwanza, la mafuta au la kukudharau. La pili ndilo linaloniuma zaidi, maana la kwanza nilifanya kwa kukupenda. Na hasira pia ninayo, usidhani sina. Nani alikuambia nataka kulindwa kwa bei hiyo? Umeitwa mwoga na watoto wa watu ukiwa unapita njiani, na mimi nipo nyumbani nakula chakula chako nikiwaunga mkono moyoni.

Alhamisi nilimweleza mzee wangu yote. Akauliza, "Baba yako iko hai?" Nikasema yuko hai. "Mke ya ndugu yake, iko hai?" Nikasema naye yuko. "Sasa veve nangoja nini?"

Nisalimie Mama, na umsomee barua hii ukiona inafaa. Nisalimie kaka Eliya na mkewe, na watoto wao ambao nawaona kwenye picha tu. Nisalimie Shangazi muuza maziwa, mwambie koti lake nimelipata na ni la rangi aliyotaka. Mchungaji naye msalimie.

Mama Mdogo usimpe salamu zangu. Yeye nimemwandikia barua yake mwenyewe, nimemweleza ni nani aliyeharibu ile bunduki, na niliiposti Ijumaa, kabla ya hii yako, ili usipate nafasi ya kunikataza.

Binti yako,
Rebeka