Mpira wa Polepole wa Chepe

Mjukuu wangu Yoendry,

Baraka zangu zikufikie huko kwenye baridi ya Wamarekani. Anayeandika ni dadako Nurys. Maneno ni yangu, nimemkataza kuyapamba. Mbuzi amezaa mapacha. Paa bado linavuja.

Hapa Baní redio ya besiboli haina habari nyingine: ati wewe ndiye Chepe Montás mpya, kama yeye enzi zake unarusha mpira polepole, kwa akili, hadi mpigaji anachapa hewa. Nikampelekea Chepe mwenyewe, jirani yetu mzee, habari hiyo pamoja na muhogo wake. Siku hizi namlisha mimi, maana mkono wake haufiki tena mdomoni.

Nilidhani atafurahi. Akaacha kutafuna.

"Akili gani, Nibia? Nilirusha polepole kwa sababu bega lilishakufa. Nikanyamaza, wakaita ufundi."

Wewe Yoendry, mwaka jana ulikuwa unarusha kwa nguvu, mume wangu mdogo. Sasa nijibu bila kunizungusha: ni ufundi, au unaumwa? Kama unaumwa, waachie mpira wao, urudi nyumbani. Mmoja wa kumlisha kwa kijiko ananitosha.

Bibi yako anayekupenda hadi anakasirika,
Nibia