Aliyeshuka Kumpokea Baba

Gisenyi, 14 Januari 2024

Mutoto wangu Hitimana,
Salaam aleikum. Baridi ya Polonye, huko Ulaya, iko namna gani? Unavaa soksi mbili-mbili? Huku tunashukuru Mungu. Baba yako iko na kikohozi, cherehani ameiacha tangu wiki jana, lakini mudomo haijalala: jana alimutukana jirani Twagirimana, eti kanzu yake mupya imeshonwa na kipofu. Usipige simu, tuandikiane tu hivi kwenye telefone. Baba anakataza, anasema ukisikia sauti yake utaacha masomo. We kula vizuri.
Ni mimi mama yako, Saidati

Lublin, 15 Januari

Mama yangu,
Aleikum salaam. Mi niko muzima. Muchana shule, jioni napanga makartoni kwenye depo. Sema kweli, Mama: ni kikohozi tu? Karte yangu ya kukaa huku haijatoka. Nikiondoka mbele itoke, hawataniruhusu kurudi, masomo imekufa. Lakini ukisema kuja, nakuja.
Mutoto wako

Gisenyi, 3 Februari

Mutoto wangu,
Habari ya masomo na makartoni? Sisi tuko. Nimechelewa, tulikuwa hospitali. Daktari alisema ni mapafu, akaongeza Kifaransa mingi, mi naitika tu oui, oui. Nilimuuliza baba yako, tumuite mutoto? Akageukia ukuta. Kisha: "Nani atashuka kunipokea?" We unajua, kwetu mutoto mwanaume ndiye anashuka kaburini kumupokea baba yake. Nikamukemea, wacha maneno ya kufa, utapona. Donc, basi, usikuje. Ngoja karte.
Mama yako

Lublin, 4 Februari

Mama, pole na hospitali. Hayo maneno ya baba yamenikata. Nimeuliza ofisini, wanasema mwezi wa ine, Aprili. Mwambie anivumilie, mwezi wa ine nashika ndege.
Mutoto wako

Gisenyi, 21 Februari

Hitimana, kaa chini kwanza.
Baba yako ametuacha asubuhi. Alasiri tukamuzika, kwetu maiti haingoji ndege. Wanaume wanasema pale kaburini sheikh aliuliza: "Mutoto wake iko wapi?" Dereva mumoja wa gari ya msikiti akavua viatu, akashuka yeye. Baba yako hakumujua hata jina. Mungu amulipe.
Mama yako

Lublin, 21 Februari

Mama, ungeniambia kuja. Neno moja tu! Karte ibaki yao. Nakata tikiti.

Gisenyi, 22 Februari

Usikuje! Nakuomba, mutoto wangu. Mikono yako ilikuwa na kazi moja huku, na imeshafanywa. Baba yako aliua macho kwa sindano ili we usome. Ukitupa masomo, nitakuwa nimepoteza wawili. Jibu.
Mama yako

Gisenyi, 23 Februari

Umesoma, nimeona. Jibu, papa, mutoto wangu.

26 Februari

Mama, nimeshuka ndege, niko ndani ya bus ya kuja huko, tumepita Musanze. Usiniulize masomo.
Mutoto wako

Gisenyi, 26 Februari

Bon, sawa. Siulizi.
Siwezi kukupokea gare, kwenye mabasi, niko eda, mujane hatoki nje. Chukua pikipiki, pitia kwanza makaburini. Mulinzi atakuonyesha, udongo bado iko juu. Musalimie, kaa naye kidogo, asiyekujua asikuharakishe. Kisha kuja nyumbani. Mbele ya wamama wa kilio nimejizuia siku zote, najifanya mwenye nguvu. Sasa hatuna tena cha kuchunga. Kuja tulie.
Mama yako