Mgeni Aje na Baba Yake

Jumatatu, 20 Januari 1913

Asubuhi kumwagilia migomba, kama kila siku. Maji kidogo. Jirani wa juu, Mzee Lesiria, kauziba mfereji tena. Nikauzibua, sikumwomba ruhusa.

Mchana nikashuka shuleni. Mwalimu Elifasi, Mmeru anayemsaidia Bwana Mkuu, Mzungu mwenye shule, ametusomea masharti ya darasa la ualimu. Wenyeji masharti yao mepesi. Sisi tuliotoka upande wa Waingereza tumetwishwa mzigo. Kovu la chanjo ya ndui: ninalo. Cheti cha ruhusa cha boma: ninacho, kinakwisha mwisho wa mwezi huu. Kusoma na kuandika: namshukuru Mungu. La mwisho, mgeni aje na baba yake, atie dole kwamba kijana hatatoroka.

Nafasi ya mgeni ni moja tu. Nikiikosa narudi ng'ambo kuchunga ndama wa watu, maana kwetu darasa la namna hii hakuna. Nataka kuwa mwalimu. Sitaki kingine.

Jumatano, 22 Januari

Nimekwenda na baba, Mzee Saning'o, ninayekaa kwake. Mrefu, sikio moja limechanika. Bwana Mkuu akauliza kama huyu ndiye baba yangu. Nikasema ndiye. Akatia dole, wino akaufutia kwenye shuka lake. Nyumbani yeyo, yaani mama, mkewe, kamgombeza mpaka akatoka nje. Nimecheka sana. Furaha tupu.

Baba aliyenizaa alikufa ningali nanyonya. Lakini rika lake lipo. Kila mwanamume wa rika lile ni baba yangu, huku na ng'ambo. Sisi watu wa Maa ndivyo tulivyo, wala hakuna anayekaa kumweleza mwenziwe jambo hilo.

Ijumaa turudi, baba asomewe kanuni za shule.

Alhamisi, 23 Januari

Majani huku yamekwisha. Baba kapeleka ng'ombe Terrat alfajiri. Kesho nitakwenda na baba mwingine, Mzee Lesiria, yule yule wa mfereji. Kakubali mara moja. Kisha akanisema nusu saa kuhusu maji yake.

Ijumaa, 24 Januari

Siku mbaya.

Bwana Mkuu alimtazama Mzee Lesiria. Mfupi, mnene, masikio yote mazima. Akaniuliza huyu ni nani. Baba yangu. Na yule wa juzi? Baba yangu.

"Una baba wangapi wewe?"

"Hapa Arusha sijawahesabu, Bwana."

Nilijibu kwa adabu kabisa. Watu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. Akasema shule ya walimu haichukui waongo, akachukua kalamu, akanifuta.

Mzee Lesiria hakuelewa Kiswahili kile cha haraka. Njiani akaniuliza kama tumepata. Nikatangulia mbele.

Mwalimu Elifasi alikuwepo. Wameru na Waarusha mlima wao mmoja, mambo ya rika anayajua vizuri. Neno moja tu lingeniokoa. Akaangalia viatu vyake. Namchukia.

Jumamosi, 25 Januari

Sikwenda popote. Sikula. Yeyo akasema nikifa njaa Mzungu hatajua hata. Kweli. Jioni nikala.

Amempelekea baba habari huko Terrat. Sikumtuma.

Jumapili, 26 Januari

Baada ya ibada Mwalimu Elifasi akaja mpaka kwetu. Nikampa kigoda, salamu sikumpa. Akasema aliogopa kumkatiza Bwana Mkuu mbele za watu, ana watoto, ana kazi moja. Angalau hakuzungusha maneno.

Ameleta njia. Jumanne niende na Mzee Lesiria, niseme nilibabaika, huyu si baba yangu, ni jirani tu. Bwana Mkuu atanirudisha. Wameshazungumza.

Neno dogo. Usingizi wote umekwisha kwa ajili yake. Nimkane mtu aliyeacha shamba lake akaja kusimama na mimi? Mbele ya uso wake? Nataka shule ile. Sijui nitasema nini.

Jumanne, 28 Januari

Baba kafika asubuhi, vumbi mpaka kwenye nyusi. Kumbe hakuja peke yake. Amepita kila mji njiani akiita wenziwe. Tulipoteremka na Mzee Lesiria, uwanja wa shule tayari umejaa shuka nyekundu na fimbo. Nikainamisha kichwa kwa kila mmoja, kila mmoja akaniwekea mkono utosini. Imechukua muda. Bwana Mkuu alikuwa mlangoni, anatazama.

Akaniita. Akamwonyesha Mzee Lesiria kwa kidole, akauliza taratibu, mara ya mwisho, huyu ni baba yangu au siye. Mwalimu Elifasi alinikazia macho.

"Ni baba yangu."

Basi, nikajua nimeipoteza. Bwana Mkuu akawageukia wazee, akauliza ni nani kati yao aliyenizaa. Mwalimu Elifasi akatafsiri.

Mzee Saning'o akamjibu, "Aliyemzaa amekufa. Sisi ndio tuliobaki."

Mwalimu Elifasi akatafsiri. Halafu, bila kuulizwa, akaendelea mwenyewe, akaeleza rika ni nini, na kwamba alilijua hilo tangu Ijumaa. Bwana Mkuu alimtazama yeye kwa muda mrefu kuliko alivyonitazama mimi. Kisha akauliza nikitoroka atamdai nani. Wazee wote wakapiga kifua. Akajikuna ndevu. Akasema karatasi ina nafasi ya dole moja, na hilo tayari lipo.

Nimeandikwa upya. Nimelia njiani kama mtoto. Wazee wamejifanya hawaoni.

Jumatatu, 3 Februari

Nimehamia shuleni. Cheti cha boma kimeongezwa muda. Kitanda cha mbao, blanketi, kengele. Hesabu ngumu. Mwalimu Elifasi ananifundisha. Nimemsalimu.

Jumapili, 9 Februari

Siku ya wazazi kuwatembelea watoto. Sikumtarajia mtu, ng'ombe bado wako Terrat na Mzee Lesiria anaumwa mgongo. Nikakaa kufua.

Mwalimu Elifasi akaja mlangoni akasema baba yangu yupo nje. Hakusema yupi.

Nikatoka. Mzee mwembamba, ameshika kibuyu cha maziwa, miguu imepasuka kwa safari. Sijawahi kumwona maishani. Akasema ametoka mbali kule nyikani, amesikia kuna mtoto wao anasoma hapa.

Nikainamisha kichwa.