Mhojiwa Namba Kumi na Moja

Jumamosi, mchana. Nkuhungu.

Upepo wa Dodoma umeamka na hasira leo. Vumbi limeingia mpaka kwenye sukari, nami nimejifungia ndani nikisingizia vumbi. Ukweli ni kwamba naona haya kutoka.

Jana nilishinda. Shindano la tafiti za uzamivu katika menejimenti, nafasi ya kwanza, na safari ya kwenda fainali. Mama yangu ameshawatangazia wanakwaya wenzake wote. Tangu asubuhi sijapokea simu ya mtu.

Utafiti wangu unahusu madalali wa mahindi wa Kibaigwa. Dalali akifiwa au akijifungua, wenzake humshikia wakulima wake, na akirudi anarudishiwa wote, bila karatasi wala bosi. Miezi mitano nilizunguka sokoni na madodoso yangu, nisielewe kitu. Aliyenifungua macho ni Mama Salma, dalali mzaliwa wa Kondoa. Alitandika gunia tupu, akapanga punje za mahindi juu yake: huyu anamshikia huyu, huyu akizidiwa anampa yule. Nikapiga picha kwa simu. Nyumbani nikazigeuza punje kuwa miduara, nikaongeza mishale ya rangi, nikauita modeli.

Modeli yangu.

Kwenye tasnifu yeye ni Mhojiwa Namba Kumi na Moja. Maadili ya utafiti yanatutaka tufiche majina, nami nikajificha humo humo. Na alishaniambia mapema kabisa, "Jina langu andika tu mwanangu, kuna ubaya gani?"

Nilimwalika kwenye shindano kwa adabu tu, nikijua siku ya soko haachi kazi. Akaja. Nilishaanza kuongea nilipomwona mstari wa nyuma, kavaa baibui jipya, kapakata mkoba. Nilikuwa nazungumza Kiingereza, ambacho hakijui. Lakini mchoro ulipotokea ukutani, alimgusa jirani yake, akaunyooshea kidole, akacheka kwa furaha.

Jaji mmoja akauliza wazo la mchoro nimelitoa wapi.

Nilikuwa na nafasi ya kusema kweli. Nikajibu kwamba limetokana na uchambuzi wangu mwenyewe wa data. Wala sauti haikutetemeka, na hilo ndilo linalonitisha.

Mlangoni nilimwamkia, shikamoo mama, huku natazama viatu vyake. Akaitikia marahaba, akanishika mikono yote miwili.

"Hongera mwanangu! Mchoro wetu wameupenda!"

Wetu, alisema. Nikajibu asante, nikamtafutia bajaji ya kumpeleka stendi.

Leo nimemwandikia mwenyekiti wa majaji. Nimemwambia mchoro ni wa Mama Salma, nikaandika jina lake kamili kama alivyotaka, nikakiri kwamba nilichomjibu jaji kilikuwa uongo. Wanaweza kuninyang'anya ushindi. Msimamizi wangu hatanitazama tena kwa jicho lile lile. Barua nimeituma saa nane, kabla sijaanza kujionea huruma, na Jumatatu nakwenda Kibaigwa kumweleza mwenyewe, kwa Kiswahili.

Nilidhani nikishaituma nitapumua. Sijapumua, kwa sababu kuna swali ambalo sikuliandika kwenye barua.

Kama jana asingekuja, ningeona aibu?