Hodi katika Nyumba Tupu

Albertville, Jumapili, Septemba 1961

Bado naona haya. Leo nimepiga hodi katika nyumba isiyo na mtu, tena kwenye mlango wa jikoni, kama nilivyozoea nilipokuwa mpishi wa Mbelgiji aliyeishi humo. Mlango wa mbele ulikuwa wazi.

"Papa, unapigia nani hodi? Popo?" Binti yangu Veronika alicheka sana. "Wazungu walishaenda. Mulango wetu njo huu," akanionyesha ule wa mbele.

Amepewa ruhusa ya kuhamia humo kesho pamoja na watoto wake.

Ndani, maua mekundu ya bustani yamepita dirishani na kutanda ukuta mzima wa saluni, chumba alichopokelea wageni wake. Mwanga wa ziwa ulikuwa ukitikisika darini. Miaka yote niliyofanya kazi humo sikuiona nzuri hivyo. Mungu anisamehe, nilitamani ibaki tupu.

"Maua haya tutayakata," alisema Veronika.

Marehemu mke wangu angalinikaripia. Wajukuu wetu wanalala wote kwenye mkeka mmoja... Nikamweleza Veronika nilichotamani, nikamwomba radhi, nikamwambia nitayakata mimi mwenyewe.

Panga nimekwisha kulinoa. Natamani tu kesho achelewe kidogo kuamka.