Kwa Nini Nekesa Amenuna

Mjukuu wangu Wafula,

Pokea salamu kutoka hapa Kamere. Tuko salama, ingawa nyumba imekuwa kubwa mno tangu tumzike babu yako. Ng'ombe amezaa ndama jike.

Unauliza kwa nini mkeo Nekesa amenuna, na wewe ulimficha kifafa chako ili asiogope. Ukamwambia Sofia wa kazini peke yake.

Babu yako pia alianza kuanguka kifafa akiwa mtu mzima. Siku moja niliitwa shamba la maua walikomwajiri. Nilimkuta amelazwa ubavu, kichwa kwenye mapaja ya Rosa, mwenzake. Nikanyakua kijiko kwa mama wa chai nimtie kati ya meno, kama tulivyofunzwa nyumbani.

"Weka hicho kijiko, shemeji," Rosa akasema. "Usimtie kitu mdomoni. Ataamka sasa hivi akitaka maji."

Akaamka, akataka maji.

Nilishikwa na wivu! Mwanamke mwingine alijua mume wangu anavyoamka.

"Sikutaka uniogope," babu yako akaniambia jioni.

"Kwani Rosa haogopi?"

Tangu hapo tulienda kliniki pamoja. Daktari alisema asikose dawa wala usingizi, ubongo wake usizidi kuumia. Nilimlinda hadi uzeeni.

Rosa alikuja matanga, akalia kweli. Nilimmiminia chai, ni mtu mwema. Lakini alipoanza kusimulia jinsi babu yako alivyoanguka mara ya kwanza, nilitoka nje. Kuhusu siku hiyo sikuwa na langu la kusimulia, maana alinificha.

Mwambie Nekesa yote leo.

Nyanya yako